Majirani Ngazi ya Tatu, Umoja

Mwende: Hamjambo majirani. Nimepata meseji ya kazi ya kufunga zawadi nyumbani, kalamu na vishikizi vya funguo, wanalipa 3,000 kwa siku. Wanataka 500 ya usajili kwanza. Mama Baraka, si wewe hufanya hii kazi? Ni hao?

Mama Baraka: Usitume Mwende! Kazi hii haina usajili. Mwenye mali ndiye hukulipa wewe.

Mwende: Nishatuma. Ni kama dakika kumi hivi.

Baba Halima: Chukua ile meseji ya M-Pesa uitume kwa 456, namba ya Safaricom ya kurudisha pesa, sasa hivi, kabla hawajazitoa. Wakishatoa ni ngumu kurudi.

Mwende: Natuma.

Mama Baraka: Pole sana mama. Mimi nafungia dada mmoja anayeuza vikombe vya majina Instagram. Huleta jioni, tunahesabu pamoja hapa mlangoni, vyenye ufa tunaweka kando akiona. Shilingi 20 kwa boksi. Siku ya kawaida ni boksi 25 hivi, wiki ya Valentine nilifika 90 nikalala saa nane usiku. Hiyo ni 1,800, na mgongo uliniuma. Sasa 3,000 kila siku kwa kalamu itoke wapi? Na boksi, karatasi, selotepu, yote ananunua yeye sokoni Kamukunji. Usikubali kununua kwa pesa yako.

Mama Shiro: Na kikivunjika njiani?

Mama Baraka: Mwezi wa tano vilivunjika viwili vya kwenda Kisumu, nikakatwa pesa. Iliniuma kwa sababu nilivifunga vizuri. Siku hizi kila kimoja nakipiga picha kabla ya selotepu, na wa boda anatia sahihi kwa daftari. Kinachovunjika kwanza ni mkono wa kikombe, kwa hivyo naanza nao: karatasi ya kaki mara tatu hapo, ndipo nafunika kikombe chote. Najaza vipande vya karatasi ndani na pembeni, natikisa boksi karibu na sikio. Nikisikia kitu kinacheza, nafungua naanza upya.

Mwende: 456 wamejibu, wanasema wamepokea ombi.

Baba Halima: Vizuri. Na hiyo namba usiwapigie tena.

Mama Baraka: Mwende, kesho saa kumi analeta 60 za harusi, siwezi peke yangu. Njoo tugawane, 30 zako, ni 600.

Mwende: Asante sana mama, nitakuja. Nibebe makasi ya kushonea?

Mama Baraka: Hayo yaache, karatasi itayafanya butu. Ninayo mengine.