Wauza kadi za FPGA za kuchimba kripto: mnatuuzia chipu ya kuprogramu halafu mnaifunga milele. Huu ni wizi!

Wakuu, salaam.

Huwa nasoma tu nyuzi za wenzangu humu, ila hili limenifika shingoni. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Kuna watu wanazunguka kwenye magrupu ya Telegram na WhatsApp, kuanzia Dar, Arusha, Mwanza mpaka Nairobi, wanauza kadi za FPGA za kuchimba sarafu za kidijitali. Wimbo wao ni mmoja: "ASIC sarafu ikifa unatupa, lakini hii unaiprogramu upya unahamia sarafu nyingine, haizeeki." (ASIC ni chipu iliyotengenezwa kwa kazi moja tu.) Vijana wanasikia hivyo wanauza bodaboda. Sisi tulichangishana washkaji kadhaa, tukatuma hela, tukalipa ushuru, kadi ikaja. Ikachimba miezi michache. Leo iko mezani kwangu, haichimbi, haiprogramiki, na aliyetuuzia hapokei simu.

Kwa wasioifahamu, FPGA ni chipu inayotoka kiwandani bila kazi maalumu. Ndani imejaa saketi ndogo ndogo ambazo unaziunganisha utakavyo. Unaandika mchoro wako kwa Verilog au VHDL, lugha za kuelezea saketi, programu ya kiwanda inaugeuza kuwa faili moja, bitistrimu, unaliingiza kwenye chipu, na chipu inakuwa ile mashine uliyoichora. Umeme ukizimwa inasahau kila kitu, ndiyo maana pembeni yake huwekwa fleshi ya kutunza hilo faili. Kwa hiyo thamani yote ya kitu hiki ni kwamba wewe mwenyewe, mwenye mali, unaweza kuibadilisha kazi. Ukiondoa hilo, umebaki na chipu ghali, inayokula umeme, inayoshindwa na ASIC kwa kila kipimo. Ian Kuon na Jonathan Rose wa University of Toronto walishapima tofauti hiyo zamani, kabla hata Bitcoin haijazaliwa: saketi ya mantiki ikijengwa kwenye FPGA inachukua eneo karibu mara 35 la ASIC na umeme karibu mara 14. Hiyo ndiyo bei ya uhuru wa kuprogramu. Sisi bei tumelipa, uhuru hatujapewa.

Na msidhani napinga FPGA. Naipenda, ndiyo maana naumia. Mwaka 2011, watu wanachimba Bitcoin kwa kadi za gemu, jamaa mmoja anayejiita fpgaminer aliweka msimbo wake wote hadharani, kila mtu achukue. Wazo lenyewe ni zuri mno. SHA-256, hesabu ambayo mchimbaji wa Bitcoin anairudia akitafuta jibu, ina raundi 64, na Bitcoin inaifanya mara mbili, kwa hiyo raundi 128. Ukizipanga zote zifuatane ndani ya chipu, kila raundi na saketi yake, basi kila pigo la saa ya chipu linatoa jibu moja kamili, yaani heshi moja. Saa hiyo ikienda megahezi 200, yaani mapigo milioni 200 kwa sekunde, unapata heshi milioni 200 kwa sekunde. Spartan-6 LX150, chipu ya FPGA ya kampuni ya Xilinx, ilikuwa inafika hapo. Bodi ya Icarus ilikuwa na chipu mbili za aina hiyo, ikatoa heshi kama milioni 380 kwa sekunde kwa wati 20 hivi, wakati kadi ya gemu ya Radeon HD 5870 ilitoa kama milioni 400 kwa karibu wati 190. Na aliyeibuni Icarus alitoa michoro ya bodi yake na msimbo wake. Ulikuwa ukiinunua unaijua mpaka waya wa mwisho.

Januari 2013 ASIC za kwanza za Avalon zikaanza kuwafikia wateja, na mwisho wa mwaka huo mashine ya ASIC ya Antminer S1 ilikuwa inapiga heshi bilioni 180 kwa sekunde. FPGA kwenye Bitcoin ikaishia pale. Antminer S9 ya 2016 ikaja na trilioni 13.5, yaani mashine moja inazidi Icarus 35,000. Kwa hiyo mtu akikuambia leo kwamba kadi yake ya FPGA itakuchimbia Bitcoin ulipe ada ya mtoto, huyo ni mwongo, mfungie namba.

Wimbi la pili lilikuja 2018. Safari hii ni sarafu ndogo ndogo, na kadi kubwa zenye chipu ya VU9P, ile familia ya Virtex UltraScale+, kadi za maelfu ya dola ambazo Xilinx ilizitengeneza kwa ajili ya vituo vya data. Hapo hoja ya kuprogramu upya ilikuwa na maana kweli, kwa sababu sarafu zilikuwa zinabadilisha kanuni zao makusudi kuzikimbia ASIC. Monero peke yake ilibadilisha Aprili 2018, ikabadilisha Oktoba 2018, ikabadilisha tena Machi 2019, na Novemba 2019 ikahamia RandomX ambayo imeundwa kwa ajili ya prosesa za kawaida. Mwenye FPGA angeweza kukimbizana nayo. Ila angeweza tu kama kuna mtu wa kumwandikia bitistrimu mpya, na huyo mtu ndiye aliyegeuka kuwa bwana mkubwa. Kila chipu ya aina hii ina namba yake ya pekee ya biti 96, inaitwa DNA. Mwandishi anaifunga bitistrimu kwenye namba hiyo, anaweka leseni kwenye seva yake, anakata kamisheni kwenye kila unachochimba. Sawa, mtu ale jasho lake, kuandika Verilog ya kuchimba si kazi ya mchana mmoja. Hilo silalamikii.

Ninacholalamikia ni hiki kilichofanyika kwenye kadi yetu, na naomba mnisome taratibu.

Muuzaji alitangaza kwamba ni "bodi maalumu yenye chipu yetu wenyewe". Siku seva ya leseni ilipozimika, kadi ikagoma kuanza. Tukauliza kwenye grupu lao. Wa kwanza kuuliza akaondolewa. Wa pili akajibiwa "wewe ni mchimbaji, siyo injinia, subiri". Tukasubiri. Baadaye grupu zima likafutwa.

Nikaamua kuifungua. Nikalegeza skrubu, nikaitoa ile sinki ya kupozea joto, nikafuta mafuta ya kijivu. Juu ya chipu hakuna maandishi. Wameyasugua kwa msasa, mikwaruzo inaonekana ukiinamisha kwenye mwanga. Nikachomeka kebo ya JTAG, ile njia ya kuzungumza na chipu moja kwa moja, na chipu ikajitaja yenyewe: VU9P ya Xilinx, ya kawaida kabisa. Hakuna cha chipu yao wala nini. Nikasema basi afadhali, chipu nzuri hiyo, nitaiandikia kitu changu. Vivado, ile programu ya Xilinx ya kutengeneza bitistrimu, toleo la bure haligusi VU9P, leseni yake ni ya kulipia na si hela ndogo, nikatumia ile ya majaribio ya siku 30. Nikaandika mchoro mdogo kuliko yote, kaunta inayojizungukia humo humo kwa saa ya ndani ya chipu, niisome kwa JTAG hiyo hiyo. Nikaimimina. Taa ya DONE, inayowaka chipu ikilipokea faili, haikuwaka. Nikarudia, haikuwaka.

Nikasoma rejista ya fyuzi. Wakuu, wamechoma fyuzi! Ndani ya chipu hizi kuna fyuzi za kielektroniki, eFUSE, zikishachomwa hazirudi. Wameweka ufunguo wao wa siri wa biti 256 wa AES, njia ya kusimba faili, halafu wakachoma fyuzi inayoiamuru chipu ikatae faili lolote ambalo halikusimbwa kwa ufunguo huo. Siyo kwamba wamelinda bitistrimu yao isiibiwe. Hiyo wangeweza kuilinda bila kunigusa mimi. Wamehakikisha kwamba mimi niliyeinunua chipu siwezi kuitumia kwa jambo lolote, hata kuhesabu moja mpaka kumi, mpaka kiama. Ni sawa na kuuziwa cherehani ambayo inakubali uzi wa fundi mmoja tu, na fundi kahama mji. Na walipokuwa wanapokea hela zetu, hili hawakulitamka hata mara moja. Walisema "unaiprogramu upya".

Kubandika chipu nyingine? Ile ina vitufe 2,104 vya lehemu chini yake. Mafundi wetu wa Kariakoo wanaopiga bloa chipu za simu nawaheshimu sana, ila hii ni habari nyingine, na chipu yenyewe mpya ni bei kuliko kadi.

Niongeze na la umeme, maana wanaiita "bodi imara". Chipu hii inatumia volti 0.85 kwenye moyo wake. Ikivuta wati 150, maana yake zaidi ya ampea 170 zinapita kwenye eneo dogo kuliko kiganja cha mkono. Pale unataka vidhibiti volti vya kutosha, vyenye kupozwa, na kipimo cha kukuonyesha joto lao. Wao wameweka feni moja inayopuliza chipu tu, vidhibiti viko pembeni vinaungua peke yao, na bodi imeanza kuwa ya kahawia pale chini. Wakati huo kadi pamoja na kompyuta yake inavuta kama wati 200, uniti 4.8 kwa siku. Kwa shilingi 292 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, ni zaidi ya 1,400 kila siku, na LUKU haikusubiri seva yao irudi.

Najua kuna watakaosema "kripto ni kamari, mlijitakia". Hapana. Sarafu ikishuka bei ni bahati yangu, simlaumu mtu. Hapa nimeuziwa kifaa kwa sifa ambayo muuzaji mwenyewe ameiua kwa mkono wake kabla ya kukifungasha. Na wanatumia ukimya wetu. Tangu Benki Kuu itoe lile tangazo la Novemba 2019 kuhusu sarafu za mtandaoni, watu wengi wanaogopa hata kutamka kwamba wanachimba, wakitapeliwa wanameza. Msimeze. Kadi ya kielektroniki ni bidhaa kama redio. Imelipiwa ushuru bandarini, ina risiti. Kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa ni kosa chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003, na Tume ya Ushindani ipo kwa kazi hiyo. Barua yangu nimeshaiandika, imeambatanishwa na picha za chipu iliyosuguliwa na nakala ya tangazo lao.

Huko Marekani mambo haya hayakuachwa yapite. Butterfly Labs, waliokuwa wakiuza bodi za FPGA, walipoingia kwenye ASIC mwaka 2012 wakachukua hela za watu kabla, mashine zikachelewa mpaka nyingine zinafika hazina faida. Septemba 2014 Tume ya Biashara ya huko ikawafikisha mahakamani. Hakuna aliyewaambia wanunuzi kwamba walijitakia.

Madai yangu kwa wauzaji hawa, na mpo humu mnasoma, najua. Mkizima seva, toeni ule ufunguo wa AES. Ni herufi 64 tu, zinaingia kwenye ujumbe mmoja wa simu, na kadi zote zinafufuka. Toeni faili la miguu ya chipu, linaloonyesha mguu upi umeenda kwenye saa, upi kwenye PCIe (njia ya kadi kuzungumza na kompyuta), upi kwenye kidhibiti volti, maana bila hilo hata chipu isiyochomwa fyuzi mtu anapapasa gizani. Na anayeuza kadi iliyochomwa fyuzi aiseme wazi kwenye tangazo, tuone nani atainunua.

Hizi kadi zina kazi nyingine, ndicho kinachoniuma zaidi. Zile kadi ndogo za Acorn za M.2 zilizotengenezwa kwa wachimbaji, zenye FPGA ya Artix-7, leo watu wanazinunua mitumba na kuzitumia kwenye miradi ya LiteX, zana huria za kujengea saketi za FPGA, wanajifunzia mpaka PCIe. Kadi yetu moja ingemtosha mwanafunzi wa elektroniki kujifunza vitu ambavyo vyuo vingi hapa havina bodi ya kuvifundishia. Mtu ameichoma makusudi.

Sasa naomba wenye kadi hizi tusaidiane. Kabla hujaiuza kama chuma chakavu, chomeka JTAG, usome rejista ya fyuzi, usiandike chochote, soma tu. Kama fyuzi ya AES haijachomwa, kadi yako ni nzima, weka humu picha za bodi pande zote mbili zilizo wazi, na picha ya kristali inayotoa mapigo ya saa, ile iliyo karibu na chipu, tuisome namba yake. Nitaanza na mguu wa saa, halafu taa, halafu PCIe, na kila nitakachokipata nitakiweka kwenye uzi huu bure. Kama imechomwa, andika "imechomwa" na mwezi ulionunua. Jina la muuzaji msiweke hapa, litaenda kwenye barua ya Tume.