KUNUNULIWA MADENI: nilibakiza miaka miwili nimalize, sa hivi nadaiwa miaka saba na benki ya zamani bado inanikata

Wakuu kabla hamjaanza kunipopoa na "mwalimu mzima umeshindwa hesabu", nijisemee mwenyewe, mi nafundisha Kiswahili na Historia shule ya kata, hesabu tulishaachana kwa amani kidato cha nne. Haya sasa.

Mpaka mwezi wa tatu nilikuwa na mikopo mitatu. Benki inakata 145,000 kwenye mshahara, imebaki miezi 26. Kampuni moja ya mikopo ya watumishi inakata 98,000, imebaki miezi 21. Na wa tatu ni kausha damu, yaani mkopeshaji wa mtaani wa riba ya kunyonya, tusidanganyane, nilichukua laki tatu mtoto alipolazwa na kila mwezi nampelekea 90,000 ya riba tu, laki tatu iko palepale imenuna. Kadi yangu ya benki anayo yeye. Najua hairuhusiwi, na yeye anajua, ila ukienda pale kwake unakuta kopo la maziwa ya unga limejaa kadi za walimu zimefungwa na mpira, kila moja kaibandika kipande cha plasta kaandika namba ya siri kwa peni. Nimeona na ya mwalimu wa taaluma mle, tukaangaliana jioni kama hatujuani.

Basi wakaja hawa. Walikuja ofisi ya walimu saa ya chai, kijana ana tai na kompyuta mpakato, kalamu za bure, anaita kila mtu "mwalimu wangu". Akasema wao wananunua madeni. "Mwalimu wangu unakatwa huku na huku wa nini, sisi tunalipa wote watatu, unabaki na rejesho moja tu 215,000 na unaondoka na pesa mkononi." Mi nikajumlisha 145 na 98 na ile 90 ya kausha damu nikapata 333, nikaona kha, hapa si kila mwezi naokoa laki na ushee? Nikasaini. Nikaingia ESS, ule mfumo wa watumishi wa mtandaoni, nikathibitisha kwa mkono wangu mwenyewe, hakuna aliyenishikia bastola, hilo nalikubali.

Sasa sikilizeni. Mkopo mpya ni milioni saba. Ada ya kuandaa mkopo 280,000, bima 140,000, kitu wanaita ufuatiliaji 150,000, jumla 570,000 zimeondoka kabla sijanusa hela. Benki ikaandikiwa 3,100,000, ile kampuni 1,650,000, mkononi nikapata 1,680,000. Kausha damu HAWAKUMLIPA. Nikauliza mbona tulikubaliana watatu, kijana ananiambia "yule hana leseni mwalimu wangu, mfumo hauwezi kumlipa mtu asiye na leseni". Siku ya chai mfumo ulikuwa unaweza! Nikatoa 390,000 yangu nikakomboe kadi, iliyobaki ikaishia kwenye bati na ada.

Kinachoniuma zaidi sikukiona mpaka mke wangu alipochukua simu akazidisha. 215,000 mara miezi 84 ni 18,060,000. MILIONI KUMI NA NANE. Akanigeuzia simu sikuamini nikamwambia rudia, akarudia. Alafu akapiga ile mikopo miwili ya zamani kwa miezi iliyobaki, 3,770,000 na 2,058,000, haifiki hata milioni sita. Yaani ningekaa kimya nikaendelea kula dagaa, miaka miwili na kidogo nilikuwa huru. Badala yake kwa ajili ya milioni moja na laki sita na ushee ya mkononi nimejifunga mpaka huyu mtoto wangu wa la tano atakuwa anaingia chuo. Aliniangalia tu akaenda kufunika uji. Bora angenitukana.

Na kijana aliniambia riba ni asilimia 1.88 kwa mwezi, ndogo eti. Hakusema ni flati. Maana yake riba inapigwa kwenye ile milioni saba ya siku ya kwanza mpaka mwisho, ukishalipa miaka mitano deni limebaki milioni mbili we bado unalipia riba ya milioni saba. Nikasema hapa BoT, Benki Kuu ya Tanzania, itawanyoosha, nikampigia mtu anayejua mambo haya akacheka, akasema ukomo kwa kampuni hizi za daraja la pili, zile zinazokopesha bila kupokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi, hao wako ndani ya sheria kabisa. Kwa hiyo nimekamuliwa kihalali.

Ila ngoja, hapo sijafika kwenye hasira yenyewe.

Benki ina ada ya kulipa mkopo kabla ya muda, asilimia 3, ambayo ni 93,000. Jamaa wakapeleka 3,100,000 kavu bila hiyo ada. Benki ikahesabu nimelipa sehemu tu, mkopo haujafungwa, makato yakaendelea kama kawaida. Mwezi wa tano 145,000. Mwezi wa sita 145,000. Sasa nyie watumishi mnaijua sheria ya theluthi, lazima ibaki theluthi ya mshahara, mi nina Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu asilimia 15 mle mle, PSSSF ya pensheni, bima ya afya, chama, kwa hiyo benki ikishakata 145 nafasi ya 215 haipo. Kampuni ikashindwa kukata. Kwa kosa lao wenyewe! Na wakanipa MIMI faini. Barua inasema natakiwa nilipe 494,500 taslimu, marejesho mawili na adhabu juu, la sivyo wanamfuata mdhamini. Na kweli wamempigia mdhamini wangu, Madam wa Bailojia, yuko darasani, wamempigia mkuu wa shule, mkuu akaniita akaniuliza kwa upole "mwalimu, kuna tatizo nyumbani?" Nilitamani sakafu inimeze.

Benki nimeenda mara nne, nauli 6,000 kwenda na kurudi. Dada wa dirishani ananiambia 93,000 ilishajilipa kwenye makato ya mwezi wa tano, na wamenikata zaidi 197,000, ila kusimamisha makato ni "makao makuu" na barua ya kumaliza deni nayo ni makao makuu. Kampuni wanasema bila hiyo barua faini inaendelea kuhesabika. Yule kijana wa tai simu yake haipokelewi, WhatsApp kaweka picha yuko ufukweni.

Nimeshaandika malalamiko kwa maandishi pande zote mbili, nimegongewa mhuri wa kupokelewa kwenye nakala, maana nimeambiwa bila hiyo huwezi kwenda dawati la malalamiko la BoT. Sasa aliyewahi kurudishiwa makato ya ziada na benki aje aseme alipitia wapi na ilichukua muda gani. Na aliyewahi kufutiwa faini kama hii aje. Wa kunifundisha hesabu msihangaike, mke wangu ameshamaliza.