Mrejesho: Mhadhiri mpya, vipindi vingi na utafiti uliolala

Asalaam alaykum. Mwezi wa Machi nilikuulizeni: nina mwaka wa pili tu wa uhadhiri hapa Unguja, nimepewa masomo manne, wanafunzi 11 wa kuwasimamia, na utafiti wangu wa mwani kule Paje umelala. Niache kipi?

Aliyenijibu "usiache, angalia mwezi" kaniokoa. Wakulima wa mwani huingia mashambani siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanapotoka mbali. Mimi nilikuwa nakwenda Jumamosi yoyote niliyopata, mara nyingi nakuta maji mafu, yasiyotoka mbali, na kamba zinazofungiwa mwani hazifikiki. Basi nikapeleka jedwali la kupwa na kujaa kwa mkuu wa idara, pamoja na ratiba yangu. Akanihamishia vipindi vya asubuhi jioni kwa siku hizo, na somo moja akampa mwenzangu. Nilikuwa nimeogopa ataniona mvivu!

Juzi nimesimama na bibi mmoja, maji ya magoti. Kavuta kamba ya kotonii, aina ya mwani, kanionesha tawi limekuwa jeupe, laini, linakatika lenyewe. "Maji yamepata moto, mwanangu." Tawi lile nimelichukua, na ndilo linaloanza makala yangu ya kwanza.

Kusahihisha bado kunanielemea. Karatasi 120 zipo mezani. Lakini saa moja baada ya sala ya alfajiri ni ya kuandika, simu nimeizima. Rasimu imefika kurasa sita. Ahsanteni sana, ndugu zangu.