Kisu cha kukunja cha Opinel mjini Mombasa: unyevu, kutu na askari wa milangoni

Karani wa Kilindini anauliza:

Assalamu alaikum ndugu zangu. Nimepata kisu cha kukunja aina ya Opinel namba 8, chenye bapa la chuma cha kaboni na mpini wa mbao, na tangu nikipate nimekuwa nikitembea nacho mfukoni kila siku ya kazi. Niko katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, kwa hiyo matumizi hayakosekani: kukata kamba za katani na utepe wa maboksi, kufungua bahasha za nyaraka, na wakati wa chakula cha mchana kumenya embe au chungwa. Kina uzito wa takriban gramu 45 tu, hata mtu husahau kuwa anacho, na makali yake ya kiwandani yalikuwa yakipasua karatasi bila kuichana ovyo.

Mambo matatu yananitatiza. Tangu mvua za masika zianze, bapa limekuwa gumu kufunguka, hata kucha inauma kabla halijatoka kwenye mpini. Halafu limeingia madoa ya kijivu na, karibu na bawaba, vitone vyekundu ambavyo nashuku ni kutu. La tatu ndilo linaloninyima raha zaidi: sijui nifanyeje milangoni mwa maduka makubwa, ambako askari hupekua mifuko, na mwezi ujao natarajia kupanda treni ya SGR kwenda Nairobi. Je, kisu cha namna hii kinamfaa kweli mtu wa mjini aliye pwani, au ningechukua kile cha chuma cha pua?

Seremala wa Tanga:

Waalaikumu salamu, ndugu. Hilo la ugumu si kasoro ya kisu chako, ni tabia ya mbao yake. Mpini wa kawaida wa Opinel hutengenezwa kwa mti wa misitu ya Ulaya ambao hauna mafuta ya asili kama msaji, kwa hiyo ukipata unyevu hufura, na ukifura mwanya unaolala bapa hupungua upana na kulibana. Visu hivi vilianza kuundwa mwaka 1890 huko Savoie, katika milima ya Ufaransa, na watu wa huko wana njia yao ya kukabiliana na jambo hili, ambayo nami naitumia: kisu kikiwa kimefungwa na pete ya chuma iliyo shingoni mwa mpini, ile ya kulikaza bapa, imelegezwa, kishike imara, kisha gonga kitako cha mpini kwenye ukingo wa meza, na ncha ya bapa itachomoza kiasi cha kuweza kushikika kwa vidole.

Hiyo ni njia ya kukifungua tu. Ili kisibane tena, kiache wazi penye hewa mpaka mbao ikauke vizuri, lakini usikianike juani kwa sababu mpini unaweza kupasuka. Kikishakauka, paka vaselini kuzunguka bawaba na ndani ya mwanya, ukipashe joto kidogo kwa kikausha nywele ili mbao iinywe, kisha ufute inayobaki. Kama bado kinabana, zungushia msasa laini kwenye kadi ngumu na usugue ndani ya mwanya polepole, ukijaribu kulifungua bapa kila baada ya kusugua kidogo. Hapa nakuomba subira, maana mbao iliyokwisha kuondolewa hairudi, na bapa likianza kucheza mwanyani huna la kufanya. Na tangu leo usikioshe kwa kukitumbukiza majini. Kifute kwa kitambaa kibichi, kisha kwa kikavu.

Mama Mkahawa, Unguja:

Kaka, tofautisha hayo madoa kabla hujaanza kusugua. Rangi ya kijivu, wakati mwingine yenye ubuluu, inatokana na asidi ya embe, ndimu na vitunguu inapokutana na chuma cha kaboni. Utando huo haudhuru, tena hukikinga chuma kwa kiasi fulani, kwa hiyo uache. Vitone vyekundu ndivyo kutu yenyewe, na ukiviacha vitachimba. Chukua kizibo cha chupa, kichovye katika mafuta kidogo na jivu laini lililochekechwa, usugue hapo palipo na wekundu tu, kisha ufute na upake mafuta ya nazi membamba kabisa. Mafuta ya cherehani nayo yanazuia kutu vizuri, ila wewe unamenyea embe kisu hichohicho, na sidhani utaipenda ladha yake.

Kuhusu swali lako la mwisho, mimi jikoni sibadilishi kaboni kwa chochote, kwa kuwa chuma hicho hunoleka upesi. Ukikosa kinoo, geuza kikombe cha udongo, uone ile duara ya chini isiyopakwa rangi ya kung'aa: hiyo inatosha kurudisha makali kwa kupitisha bapa taratibu, likiwa limelazwa, mara chache kila upande. Lakini kisu changu hulala kwenye droo kavu, na chako kinalala mfukoni mwa suruali, Mombasa, kikiota jasho mchana kutwa. Watu huogopa maji ya bahari na kusahau kwamba jasho nalo lina chumvi. Kwa matumizi yako ningenunua cha pua, na hicho cha kaboni nikakiacha ofisini kwa matunda.

Mkaazi wa Leicester:

Ninachangia kwa ajili ya wenzetu walioko Uingereza ambao huenda wakasoma hapa wakadhani kisu hiki kinabebeka popote. Kwa sheria ya mwaka 1988 inayotumika huku Uingereza na Wales, kisu cha kukunja kinaruhusiwa hadharani bila ya kutoa sababu ikiwa makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, na mahakama zilishaamua kwamba kisu ambacho bapa lake hukazwa kwa kufuli likiwa wazi hakihesabiwi kuwa cha kukunja. Opinel namba 8 ina bapa la sentimita 8.5 na ina pete ya kufungia, kwa hiyo inakosa masharti yote mawili, na mwenye kukamatwa nayo mtaani atatakiwa kuthibitisha sababu ya msingi, kama vile kazi anayokwenda kuifanya. Kujilinda hakukubaliwi kuwa sababu. Mimi nimeridhika na kisu kidogo cha Victorinox kisicho na kufuli.

Msafiri wa Athi:

Kwa upande wa Kenya, kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu kinamwangalia mtu aliyekutwa na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha kwamba alikusudia kutenda kosa kubwa. Kisu kilichomo kwenye mkoba wa kazi, pamoja na utepe na kalamu, mchana, kina maelezo yake. Kisu hichohicho kikikutwa kiunoni usiku wa manane kinahitaji maelezo marefu zaidi. Kwenye maduka makubwa mtangulie askari, umwambie unacho kabla mashine yake haijalia, na akisema ukiache, kiache bila mabishano. Wengi watakupa namba ukichukue ukitoka. Kwenye SGR usijaribu kabisa, kwani mizigo hupita kwenye mashine na visu haviruhusiwi ndani ya treni. Kiache nyumbani safari hiyo.

Karani wa Kilindini:

Nawashukuru nyote. Nimekigonga kama alivyoelekeza Seremala na bapa limechomoza, ijapokuwa mwenzangu wa meza ya pili alishtuka. Kitabaki ofisini, na mfukoni nitaweka cha chuma cha pua. Naomba kuuliza moja tu: je, hicho nacho hakiwezi kufunguka chenyewe mfukoni?

Seremala wa Tanga:

Pete ya kufungia ilianza mwaka 1955 ikizuia bapa lisijifunge mkononi, na tangu mwaka 2000 imeboreshwa ili izuie pia lisifunguke. Kikunje, zungusha pete mpaka ikaze, kisha jaribu kulivuta bapa kwa kucha. Ikiwa halisogei, kitie mfukoni. Ila kwa hicho cha kaboni, usiikaze pete kwa nguvu wakati mbao imefura, kwa sababu utapata taabu kuilegeza.