The Walking Dead: kitabu cha katuni au tamthilia? Naomba ulinganisho (mwisho unafichuliwa humu)

Msomaji_Chake

Assalaam aleikum jamaa. Naomba ulinganisho wa The Walking Dead ya katuni na ile ya televisheni, kutoka kwa wanaozijua zote mbili. Tamthilia imeshatazamwa hapa mpaka mwisho wa msimu wa 2, wamekimbia shamba linaungua. Mbele kuna njia tatu: kuendelea na tamthilia, kuiacha na kuanza vitabu, au kwenda navyo sambamba. Pesa ya kununua kila kitu haipo, na bando nalo si la kuchezea. Mwageni mchele wote, kujua mwisho hakunisumbui. Ninachotaka ni wapi hasa zinaachana, na kwa nini.

WinoMweusi

Wa aleikum salaam. Tuanze na ukubwa wa kazi yenyewe. Katuni ina matoleo 193, kuanzia Oktoba 2003 hadi Julai 2019, na Robert Kirkman ndiye aliyeiandika tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Matoleo 6 ya mwanzo alichora Tony Moore, kutoka la 7 akashika Charlie Adlard mpaka mwisho. Tamthilia ilianza kituo cha AMC tarehe 31 Oktoba 2010, ikaisha 20 Novemba 2022: misimu 11, episodi 177.

Nitasema "wafu", maana hapa kwetu Zanzibar neno "mazombi" tangu uchaguzi wa 2015 limebeba jambo jengine kabisa. Na tamthilia yenyewe hailitumii. Watu wa Rick, kiongozi wa kundi, huwaita "watembeao", wa mji wa Woodbury wana jina lao, "wang'ataji". Kwenye katuni kuna mgawanyo mzuri zaidi: wale wanaozurura, na wale waliokaa kimya kama maiti halisi wakisubiri mtu apite karibu. Mgawanyo huo una kazi. Mzururaji unamsikia kabla hajafika, mviziaji ndiye anayeua watu wazoefu.

Sasa jambo kubwa. Watu husema tamthilia "imebadilisha hadithi". Si hivyo hasa. Vifo vyenyewe viko vilevile, ila vimepewa watu wengine. Ukilijua hilo, tafauti zote zinapangika kichwani.

Chukua Tyreese. Kwenye toleo la 46 Gavana, mtawala wa Woodbury, anamkata kichwa mbele ya uzio wa gereza wanamoishi watu wa Rick, kwa upanga wa mwenzao Michonne. Kwenye televisheni kifo hicho, upanga huohuo, uzio uleule, kapewa Hershel, mzee wa lile shamba (msimu wa 4, episodi ya 8). Abraham kwenye katuni anakufa toleo la 98 kwa mshale unaotokea jichoni huku bado anaongea. Kwenye tamthilia mshale huo ukampata daktari Denise, naye katikati ya sentensi, na Abraham akawekewa rungu la Negan, adui aliyekuja baada ya Gavana. Dale kwenye katuni ndiye anayeliwa mguu na wala watu, kisha akawaambia kwa kicheko kwamba nyama waliyokula imeshaumwa. Kwenye tamthilia Dale alishakufa shambani, kwa hiyo maneno hayo wakapewa Bob. Na vichwa vya watu vilivyochomekwa juu ya miti, toleo la 144: Ezekiel na Rosita wamo. Kwenye skrini hao wawili wanaokoka hapo, na mahali pao wakawekwa Henry, Tara na Enid.

Kwa nini? Kwa sababu msomaji wa katuni naye anatazama. Angejua kila kitu mapema, episodi isingekuwa na tumbo joto. Kwa hiyo waandishi walishika tukio, wakabadilisha mwenyewe.

BintiWete

Kaka Wino kasema vizuri, lakini kuna sababu ya pili: Daryl Dixon. Hayumo kwenye katuni hata ukurasa mmoja. Wala kaka yake Merle. Waliletwa msimu wa 1 wa tamthilia, na Norman Reedus akapendwa mno hata Daryl akakaa mpaka episodi ya 177. Mtu mzima mpya wa kiwango hicho anahitaji mambo ya kufanya, na mambo hayo lazima yatoke kwa mtu mwengine.

Na Carol jamani. Kwenye katuni Carol ni mwanamke anayetafuta pa kuegemea, akikataliwa anavunjika, na pale gerezani anakwenda kwa mfu aliyefungwa akamwacha amng'ate shingo. Kwenye tamthilia huyo huyo anaanza akiwa mke wa kupigwa na mume, anampoteza binti yake Sophia, halafu msimu wa 4 anawaua wagonjwa wawili na kuwachoma ili homa isienee. Msimu wa 5 unapoanza analipiga risasi tangi la gesi la Terminus, kambi ya wala watu, na kulimalizia kwa fataki, peke yake. Homa yenyewe haimo kwenye katuni. Hapa tamthilia imeshinda, wala sioni haya kulisema. Kirkman wa matoleo ya mwanzo aliwaandika wanawake kwa haraka, wanagawana kazi za kufua na kulalamika.

Kinyume chake ni Andrea. Kwenye katuni ndiye mlenga shabaha bora wa kundi zima, anakuwa mwenzi wa Rick kwa miaka, anafika toleo la 167. Kwenye skrini wakamtupa Woodbury kwa Gavana akafa mwisho wa msimu wa 3. Wakaja kulipa deni hilo kwa kumpa Michonne nafasi yake kando ya Rick. Danai Gurira aliibeba vyema, lakini Andrea alidhulumiwa.

Maalim_Mkunazini

Naongeza la mkono, maana ndilo linaloonyesha tafauti ya chombo na chombo.

Toleo la 28. Rick, Glenn na Michonne wamefika Woodbury wakifuata helikopta iliyoanguka. Gavana anauliza kambi yao iko wapi. Rick anakaa kimya. Wanamkandamiza mezani, kisu kinashuka, mkono wa kulia umekwenda. Hakuna mapigano kabla, hakuna muziki, ni visanduku vichache tu na uso wa Gavana ambao haujakasirika. Kutoka hapo, matoleo zaidi ya 160, Adlard anamchora Rick kigutu. Kujaza risasi ni tabu. Kumbeba mtoto ni tabu. Kupigana na mfu mmoja, jambo alilokuwa akilifanya bila kufikiri, sasa linahitaji mtu wa pili.

Kwa mchoraji, kigutu ni mstari mmoja wa kalamu. Kwa kamera ni kufunika mkono wa Andrew Lincoln kitambaa cha kijani katika kila pembe, kisha kuufuta kwa kompyuta picha kwa picha, na kila pigano kupangwa upya. Tamthilia ya vurugu yenye episodi 16 kwa mwaka haiwezi. Ndiyo maana Rick wa skrini akabaki na mikono miwili misimu yote 9 aliyokuwemo. Deni likaja kulipwa mwaka 2024, kwenye The Ones Who Live, alipojikata mwenyewe mkono ili atoroke. Safari hii ulikuwa wa kushoto.

Kanuni ni hiyo: katuni inaweza kumharibu mtu na kumwacha hivyo. Skrini ikimharibu mtu, mara nyingi inamuua.

Forodhani_Usiku

Na mwendo je? Shamba la Hershel kwenye katuni ni kama matoleo matatu tu, 10 hadi 12. Msimu wa 2 wenye episodi 13 umekwenda hapo karibu wote. Wanaosema msimu wa 2 unakokota miguu hawajakosea, ila ndani ya kukokota kuko kuna ile ghala. Kwenye katuni ghala likifunguka wanatoka wafu, wanauawa watoto wawili wa Hershel, basi. Sophia yu hai, wala hajawahi kupotea. Kwenye skrini wanamtafuta msituni episodi baada ya episodi, halafu episodi ya 7 mlango unafunguliwa, wanapigwa risasi wote, kimya, kisha anatoka wa mwisho, mdogo, fulana na upinde wa mvua kifuani. Katuni haina kitu cha kulinganisha na sekunde zile. Hapo mwendo wa polepole umelipa.

Kipindi cha Negan ni kinyume. Vita vyenyewe kwenye katuni ni matoleo 12, la 115 hadi la 126. Kwenye tamthilia msimu wa 8 mzima, episodi 16, na bado nusu yake ni watu kutupiana risasi wakiwa nyuma ya magari.

Msomaji_Chake

Ahsanteni sana. Shane, rafiki wa Rick, alikufa kabla ya mwisho wa msimu wa 2. Kwenye katuni je?

WinoMweusi

Toleo la 6, bado wako kambini nje ya Atlanta. Anayemuua ni Carl, mtoto wa Rick, mdogo kabisa, risasi ya shingo. Kwenye skrini Rick ndiye aliyemchoma kisu, kisha Shane akainuka bila kung'atwa na Carl akampiga risasi. Tazama walivyocheza: katuni ina mauaji yale kwanza, kisha toleo la 15 Rick anarudi peke yake kwenye kaburi, anafukua, anakuta Shane kweli ameamka, anampiga risasi na kumwacha bila kumzika tena. Hapo ndipo inapothibitika kwamba kila anayekufa huinuka. Tamthilia iliyakunja mambo hayo mawili katika usiku mmoja. Siri yenyewe Rick alishanong'onezwa na daktari wa CDC, kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, mwisho wa msimu wa 1, na jengo lile la CDC halimo kwenye katuni.

Lakini jiandae kwa Carl. Kwenye katuni anafika mwisho. Kwenye skrini anang'atwa na kufa msimu wa 8, na hilo kwangu ni kosa kubwa kuliko yote. Hadithi nzima ilikuwa ya baba anayemlea mtoto wa kuja kuishi baada yake. Ukimtoa mtoto, baba anabaki akifanya nini? Kazi yake ikagawiwa: mapenzi na msichana Lydia yakapewa Henry, kofia ikapewa mdogo wake Judith. Judith ambaye kwenye katuni alikufa mchanga toleo la 48, mikononi mwa mama yake Lori, aliyepigwa risasi.

Maalim_Mkunazini

Na mwisho wenyewe unathibitisha maneno ya Wino. Toleo la 192 Rick, akiwa kitandani, anauawa kwa risasi na Sebastian Milton, kijana mwoga tu. La 193 linaruka miaka mingi mbele: Carl mtu mzima, kamuoa Sophia, ana binti aitwaye Andrea, anashitakiwa kwa kuua wafu ambao mtoto wa Maggie alikuwa akiwazungusha kama maonyesho. Hakimu ni Michonne. Dunia imepona hata mfu amekuwa mali ya mtu. Kirkman hakumwambia mtu kwamba ndilo toleo la mwisho, hata matangazo ya matoleo yajayo yalitolewa kuuficha ukweli. Tamthilia haikuweza kumaliza hivyo, maana Rick alishaondoka kwa helikopta msimu wa 9 na Carl hayupo.

Forodhani_Usiku

Sasa mambo ya mfukoni. Katuni inauzwa kwa namna kuu mbili: juzuu 32 nyembamba, au vitabu vikubwa 4. Kikubwa cha 1 kina matoleo 1–48, cha 2 ni 49–96, cha 3 ni 97–144, cha 4 ni 145–193. Nunua vikubwa. Ubaya wao ni uti: kurasa zaidi ya 1,000 zimeshikwa kwa gundi, ukikifungua kikalala bapa, uti unapasuka katikati na kurasa zinaanza kutoka. Weka mto mdogo chini ya kila upande, kisifunguke kikamilifu. Na kwa unyevu wetu wa masika usikisukume mpaka ukutani, acha nafasi ya vidole viwili hewa ipite, la sivyo ukungu utaanza kwenye jalada la nyuma.

Kwa simu inasomeka, lakini zima ile namna ya kisanduku kimoja kimoja. Kirkman na Adlard huweka mshituko upande wa nyuma wa ukurasa, ili uupate ukifunua. Programu ikikukatia visanduku, mpangilio huo unapotea, na picha za kurasa mbili zinakuwa vipande visivyoeleweka. Soma ukurasa mzima, simu ukiilaza kwenye picha pana. Rangi ipo pia, toleo la kifahari lililoanza Oktoba 2020, ila kwa mara ya kwanza soma nyeusi na nyeupe. Damu nyeusi inakuacha uangalie nyuso.

Bando: episodi 177 ni kama saa 130. Kwa ubora wa chini, takribani GB 0.7 kwa saa, jumla ni GB 90 hivi. Kwa ubora wa juu, GB 3 kwa saa, unakaribia 400.

BintiWete

Na kama kuna mtoto nyumbani, kitabu kikubwa cha 1 kiwekwe juu ya kabati. Anayotendewa Michonne na Gavana, na anayolipiza yeye toleo la 33, ni makali kupita chochote walichothubutu kwenye televisheni.

WinoMweusi

Ndugu Msomaji, jibu la swali lako. Usianzie toleo la 13 kwa kudhani msimu wa 2 umekufikisha hapo. Kwako Dale na Sophia wamekufa, kwenye kitabu wako hai na wana kazi kubwa mbele. Nunua kikubwa cha 1, anza ukurasa wa kwanza. Kinaishia gereza linapoanguka, na pahala hapohapo kwenye skrini ni msimu wa 4, episodi ya 8. Soma matoleo 48 kwanza, kisha tazama msimu wa 3 na nusu ya kwanza ya wa 4: episodi 24, kama saa 18, GB 13 kwa ubora wa chini. Kununua kikubwa cha 2 uamue baada ya hapo.

Msomaji_Chake

Nimeelewa. Kitabu kwanza, na episodi ya 8 ya msimu wa 4 isifunguliwe mpaka toleo la 48 lifungwe.