Naomba ushauri: telomerasi kwenye doa la unyayo

Asalaam alaykum wataalamu wenzangu. Hapa Pemba tuna sampuli ya doa jeusi la unyayoni. Darubini haikuamua kama ni baka la kawaida au melanoma (saratani ya seli za rangi ya ngozi). Tulitaka kupima telomerasi (kimeng'enya kinachorefusha ncha za kromosomu, ambacho huwa hai katika saratani nyingi) kwa TRAP, kipimo cha utendaji wake, lakini kipande kimeshalazwa kwenye fomalini, nayo huua kimeng'enya hicho. Hata kingekuwa kibichi, limfosaiti (chembe nyeupe za damu) zilizojipenyeza nazo zina telomerasi, jibu chanya lingepotosha. Imebaki kutoa DNA kwenye bloku ya nta na kutafuta mabadiliko ya C228T na C250T katika promota (swichi) ya TERT, jeni la telomerasi. Kinachonitia shaka, melanoma nyingi za unyayo hazina mabadiliko hayo. Je, jibu hasi litakuwa na uzito wowote? Na tukate vipande vingapi vya mikroni 10 ili DNA itoshe bila kumaliza bloku?