Mfamasia ana dhamiri yake, sawa. Saa za mteja je?

Wakuu, huu ubishi wa Marekani kuhusu wafamasia wanaogoma kutoa dawa za uzazi wa mpango unanichefua. Watu wanakesha wakibishana dini, na muda wa dawa unakatika.

Levonogestreli, kidonge kimoja cha dharura cha kuzuia mimba cha miligramu 1.5, humezwa ndani ya saa 72 baada ya tendo la ndoa, na mapema ni bora. Kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke. Homoni ya LH, inayosukuma yai litoke, ikishaanza kupanda, haina tena cha kuchelewesha. Hapo ulipristali, kidonge kingine cha dharura, ya miligramu 30 ndiyo bado ina nafasi, mpaka saa 120. Sasa angalieni kejeli: levonogestreli inauzwa huko bila cheti cha daktari wala kuulizwa umri tangu 2013, lakini ulipristali, inayomfaa aliyechelewa, bado inataka cheti. Yaani lazima ipite mikononi mwa yuleyule anayegoma!

Eti "inatoa mimba". Haitoi. Mimba ikishatunga, levonogestreli haiigusi. FDA yenyewe, mamlaka ya dawa ya Marekani, Desemba 2022 ilikubali maelezo ya Plan B One-Step, kidonge cha levonogestreli, yafutwe ile kauli kwamba huenda kinazuia yai kujipachika kwenye mji wa mimba. Anayeleta hoja hiyo leo anasoma karatasi iliyokwishatupwa.

Kugoma kwenyewe sina neno, mtu asilazimishwe. Tatizo ni kinachofuata. Cheti kimeshatumwa kwa kompyuta, kimekaa kwenye foleni ya duka lile. Kikihamishwa duka jingine, dakika chache tu, yameisha. Mfamasia akikataa hata kukihamisha, mteja anarudi kumsaka daktari aandike upya. Ijumaa saa 12 jioni, kliniki imefungwa, inafunguliwa Jumatatu saa 3 asubuhi: saa 63 zimeliwa, hapo hujahesabu zilizopita kabla hajafika dirishani. Na kuna wale wa "dawa imeisha" wakati boksi liko rafuni nyuma yao. Huo nao mnauita dhamiri? Huo ni uongo wa dukani.

Jimbo la Washington lilipata dawa ya ugomvi huu 2007: mfamasia anaweza kujitoa, ila duka lazima limpe mteja dawa, tena kwa wakati. Wenye duka moja la familia wakaenda mahakamani, wakashindwa kwenye rufaa 2015, na 2016 Mahakama ya Juu ikakataa kuwasikiliza. Mississippi ni kinyume chake, sheria inamlinda anayegoma hata asipomwelekeza mteja pa kwenda.

Wanaosema "si aende duka jingine" wajibu hili: mji una duka moja, zamu ya usiku ina mfamasia mmoja, naye ndiye anayegoma. Nani anatoa dawa? Mwenye duka alijua msimamo wake siku anapanga zamu, na bado akamweka peke yake.